George Grenfell, Fundi wa Masua



Toka hapa Barumbu mpaka Basoko si safari ndefu. Pale Basoko, tarehe 1 Julai 1906, alikufa George Grenfell, misionere wa Kibatisti kutoka Uingereza, na pale pale alizikwa. Tunasikia jina lake wakati wa kujifunza historia ya Kanisa katika Kongo, juu alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kupandisha Injili kwenye mto wetu mkubwa. Lakini mara nyingi watu wanasimulia safari zake sawa vile masua ilikuwa inajiendesha yenyewe. Hapana. Masua ilikuwa ya chuma. Chuma kinatoboka, mabomba yanaziba, usukani unavunjika, na atelie iliyoitengeneza ilikuwa London. Sasa nani alitengeneza vitu vilivyoharibika? Katika toleo hili tunataka kusimulia maisha ya Grenfell kwa upande huo, upande wa nyundo na spana. Tutasema mazuri yake, na tutasema pia jambo moja kubwa alilochelewa kuliona.

Jicho moja

George Grenfell alizaliwa tarehe 21 Agosti 1849 katika Sancreed, kijiji cha Cornwall, upande wa kusini-magharibi wa Uingereza. Alipokuwa bado mtoto mdogo, wazazi wake walihamia Birmingham. Mji huo ulijaa viwanda vya chuma, na moshi wake haukuisha usiku wala mchana. Kijana Grenfell aliwekwa kujifunza kazi katika nyumba ya biashara ya vyombo vya chuma na mashini. Hakukaa muda mrefu, akapata ajali, jicho moja likapofuka. Tokea siku ile mpaka kufa alikuwa anaona kwa jicho moja tu.

Mtu mwingine angesema kazi ya mashini imeniharibu, naiacha. Yeye hakuiacha. Alijifunza namna mashini inavyofungwa na namna inavyofunguliwa, na elimu hiyo ilimsaidia kuliko vile alivyofikiri. Wakati ule ule aliingia katika kanisa la Wabatisti, akasoma habari za Livingstone, akatamani kuja Afrika. Mwaka 1873 aliingia chuo cha Wabatisti katika Bristol, na mwisho wa mwaka 1874 alisafiri kwenda Kameruni pamoja na mzee Alfred Saker, ambaye yeye pia alikuwa misionere aliyejua kazi ya mikono.

Kule Kameruni alipata huzuni. Alioa mwaka 1876, na bibi yake akafa mwaka uliofuata. Mwaka 1878 alikuja Kongo mara ya kwanza pamoja na Thomas Comber, wakafika San Salvador, mji wa mfalme wa Kongo. Lakini mwaka ule ule akaacha kazi ya misioni juu ya mambo ya ndoa yake ya pili, ambayo haikufuata mpango wa Kanisa. Bibi yake mpya alikuwa Rose Patience Edgerley, mwanamke mweusi mwenye asili ya Jamaika. Grenfell akafanya biashara kule Victoria katika Kameruni, na watu walidhani misioni imekwisha kwake. Kumbe bado. Mwaka 1880 wakubwa wa misioni wakamrudisha, juu walimhitaji Kongo. Tunaandika jambo hili bila kuficha, kwa maana Mungu hatumii watu wasiokuwa na kasoro tu. Kama ni hivyo, hangempata hata mmoja.

Mizigo 800 juu ya vichwa

Katika mji wa Leeds aliishi tajiri mmoja, Robert Arthington. Alikuwa na mali nyingi lakini aliishi sawa maskini, juu alitaka mali yake iende kwenye misioni. Huyu alitoa pauni 1000 za kutengeneza masua ya mvuke, na pauni nyingine 3000 za kuitunza. Tuangalie hesabu hiyo vizuri, maana ina akili: feza za kutunza zilikuwa mara tatu ya feza za kununua. Mara nyingi sisi tunafanya kinyume. Tunatafuta feza za kununua kitu, na feza za kukitunza hatuzifikirii hata kidogo.

Grenfell alirudi Uingereza kusimamia kazi yenyewe. Masua ilitengenezwa mwaka 1882 katika kiwanda cha Thornycroft, London, ikaitwa Peace, maana yake Amani. Urefu wake ulikuwa kama metre 21 na upana metre 3 na kidogo. Ilikuwa na elisi mbili, na ndani ya maji ilizama kama sentimetre 30 tu ikiwa bila mzigo, na kama 45 ikiwa imepakiwa. Wale wanaoujua mto wakati wa kiangazi wataelewa sababu yake: mchanga uko juu, na masua nzito inakwama.

Baada ya kuijaribu kwenye mto wa London, waliifungua yote. Ndiyo, masua nzima ikafunguliwa bati kwa bati, ikafungwa katika mizigo karibu 800. Kwa nini? Kutoka Matadi mpaka pale Kinshasa iko sasa, mto unaanguka kwenye maporomoko na kupita kati ya milima ya mawe. Hakuna masua inayoweza kupanda pale. Reli ya Matadi ilimalizika mwaka 1898 tu. Kwa hiyo paka njia ya miguu ilibaki, milima juu na chini, zaidi ya kilometre 300, isipokuwa kipande kimoja cha katikati ambapo mashua ndogo ziliweza kupita. Mizigo ilibebwa na wapagazi, kila mmoja kama kilo 30 juu ya kichwa chake. Majina ya wale wapagazi hayakuandikwa katika vitabu. Lakini kama mmoja wao angetupa mzigo wake bondeni, bati moja lingekosekana, na masua isingefungika.

Fundi amekufa, kazi ibaki?

Misioni ilikuwa imetuma kijana fundi wa mashini, Doke, kuja kuijenga masua upya. Alikufa mwaka 1883, muda kidogo baada ya kufika Kongo. Wakatuma wengine, nao pia wakafa kwa homa. Siku zile watu walikuwa hawajajua bado kwamba malaria inaletwa na mbu.

Sasa fikirini hali ya Grenfell. Mizigo imefika yote kwenye Pool. Mabati yamepangwa chini, boila iko, mashini iko, maelfu ya vipande na misumari. Fundi hayuko. Kumwandikia mtu Ulaya na kungoja jibu ni kazi ya miezi mingi. Mwanzoni mwa mwaka 1884, wakati alipokuwa bado anangoja, hakukaa bure: alichukua mashua ndogo ya chuma, akapanda mto na watu wake kwa makasia mpaka Ekweta, kuangalia njia. Aliporudi, akaamua: tutaijenga sisi wenyewe.

Alikuwa misionere, si mjenzi wa masua. Alikuwa na jicho moja, na yale aliyojifunza ujanani kule Birmingham, na Waafrika waliokuwa pamoja naye. Hao ndio walioshika nyundo, waliowasha moto wa kupasha misumari, waliogonga mabati mpaka yakakamatana. Mtu wa kuwaonyesha kosa hakuwako. Wakifunga vibaya, wanafungua, wanaanza tena. Grenfell mwenyewe alisema baadaye kwamba masua ile iliunganishwa kwa maombi. Tunaamini hivyo. Lakini tunaona pia kwamba maombi hayo yalikuwa na nyundo mkononi.

Tarehe 13 Juni 1884 masua Peace iliingia majini. Wakawasha moto, mvuke ukapanda, mashini ikaanza kuzunguka. Inasimuliwa kwamba vijana wa kazi walipiga kelele ya furaha kwamba iko na uzima. Walikuwa na haki ya kusema hivyo, maana wao ndio waliobeba mifupa yake.

Safari ngumu

Mwezi wa Julai mwaka ule ule wakaanza kusafiri. Katika miaka miwili iliyofuata Grenfell alipita kwenye mito mingi: Ubangi, Lulonga, Tshuapa, Lomami, na Aruwimi, mto wa jirani zetu wa Basoko. Mara nyingine bibi yake Rose alikuwa ndani pamoja na mtoto wao mdogo wa kike, Patience. Hawakusafiri sawa wageni wakubwa. Kila jioni masua ilifungwa ngamboni, vijana wakaingia porini na mashoka kukata kuni, juu boila ilikula kuni mchana kutwa. Kuni mbichi hazileti mvuke. Kuni zikikosekana, safari imesimama.

Mwenye kujua masua za mvuke anajua kazi yake ya kila siku. Maji ya mto yana udongo; udongo unabaki ndani ya boila, lazima kuikwangua. Mabomba yanavuja, lazima kuyaziba. Elisi inapiga kisiki, lazima mtu azame kuiangalia. Chini ya maji kuna mawe na miti iliyoanguka, na siku zile hapakuwa na alama hata moja mtoni. Ndiyo sababu mtu alisimama mbele na mti mrefu, akipima maji. Kwa masua za namna ile tumbo liligawanywa vyumba vyumba, ili jiwe likitoboa kimoja, maji yasijaze vingine, na watu wapate nafasi ya kufika kwenye mchanga na kupiga kiraka.

Tena kulikuwa na hatari ya watu. Pembeni ya mto vijiji vilikuwa vimeona vita na wizi wa watu, na kila chombo kigeni kilikuwa adui kwao. Mishale ilirushwa mara nyingi, zaidi kwenye Ubangi. Grenfell aliweka wavu wa waya kuzunguka masua ili mishale isipite, akaendelea na safari. Alipendelea kujikinga kuliko kupiga.

Alipita hapa kwetu mwishoni mwa mwaka 1884, na tarehe 24 Desemba alifika kwenye maporomoko ya Wagenia, pale Kisangani iko leo. Njiani aliona vijiji vilivyochomwa na watu waliokimbilia ndani ya mitumbwi. Ilikuwa kazi ya watu wa Tippu Tip, waliotoka upande wa Unguja na Manyema kutafuta pembe na watumwa. Kiswahili hiki tunachoandika kilifika Kisangani pamoja na watu hao. Hata lugha inayotusaidia leo ilipita katika njia ya machozi.

Katika watoto waliokamatwa wakati ule alikuwamo Disasi Makulo, mtoto wa upande huu wa Basoko. Mwaka 1883 Stanley alimtoa katika mikono ya watu wa Tippu Tip, na baadaye akakabidhiwa kwa Grenfell. Akakua pamoja naye, akajifunza, akabatizwa mwaka 1894, akarudi kwao kuhubiri. Maisha yake yaliandikwa na mwana wake, na kitabu kilichapishwa Kinshasa mwaka 1983. Tungependa kila mwanafunzi akisome.

Mashini ya mkopo, mashini ya kunyang'anywa

Masua nzuri inatamaniwa na wengi. Mwaka 1887 Stanley, akienda kumtafuta Emin Pasha, aliiazima Peace kwa kuwasukuma wamisionere mpaka wakakubali. Wakati wa kuondoka Kinshasa usukani ulivunjika, ikabidi kurudi na kutengeneza. Mvuke nao ulikuwa unapungua njiani. Masua iliyofanya kazi miaka mitatu bila kupumzika ilikuwa imechoka.

Jambo la mwaka 1890 lilikuwa baya zaidi. Leta, ndiyo serkali ya mfalme Leopold II, iliikamata Peace kwa nguvu pale Bolobo, ikaweka askari ndani. Grenfell alisafiri mpaka Ulaya kulalamika. Masua ikarudishwa, na watu wa Leta wakaomba radhi. Misioni ikaleta masua ya pili, Goodwill, kwa njia ile ile ya vipande.

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo tulilolitaja mwanzoni. Baada ya kunyang'anywa namna hiyo, Grenfell aliendelea kumwamini Leopold. Toka mwaka 1891 mpaka 1893 alifanya kazi ya kupima mpaka wa Lunda kati ya Kongo na Angola, kwa niaba ya Leta. Akapewa nishani. Mwaka 1896 Leopold alianzisha Komisheni ya kulinda wenyeji, akamweka Grenfell kuwa katibu. Ilikuwa na watu 6, mapadri na wapasta, waliokaa mbali kabisa mmoja na mwenzake, na mbali na sehemu ambapo watu walikuwa wanauawa juu ya mpira. Ilikutana mara chache tu. Ilikuwa sawa boila isiyo na moto.

Wakati ule wamisionere wengine, kama Sjöblom, Mswidi wa misioni ya Kibatisti ya Marekani, walikuwa wameanza kusema waziwazi juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyokimbia. Grenfell alijibu polepole. Alifikiri makosa ni ya wakubwa wadogo, na kwamba mfalme akijua, atatengeneza. Mtu huyu aliyesikia mashini ikibadilisha sauti kidogo tu akajua ni bomba gani limeharibika, hakusikia upesi sauti ya watu. Pengine ni kwa sababu misioni ilihitaji ruhusa ya Leta kwa kila kituo kipya. Pengine ni kwa sababu alitaka kufikia Uganda kwa njia ya Aruwimi. Mwaka 1902 alifika mpaka Mawambi, karibu na mwisho wa msitu, lakini Leta ilimkatalia vituo. Katika miaka ile ya mwisho macho yake yalifunguka. Mwaka 1903 akatoka katika Komisheni. Mwaka 1904 ripoti ya Roger Casement ilitolewa, na ulimwengu ukajua. Leopold alipokonywa Kongo mwaka 1908, lakini Grenfell hakuishi kuiona siku ile.

Hatuandiki haya kwa kumhukumu mzee wetu. Tunaandika ili tujifunze. Mashini ikiharibika haifichi. Inasimama, na kila mtu anaona. Lakini serkali, au shule, au hata kanisa, inaweza kuharibika ndani na kuendelea kutembea, huku bandera yake iko juu. Kuijua kunahitaji masikio zaidi kuliko kujua boila.

Mwisho wake

Rose na George Grenfell walizika watoto katika udongo wa Kongo. Mwaka 1899 alikufa hata Patience, yule aliyesafiri ndani ya Peace akiwa mdogo, na sasa alikuwa msichana anayesaidia kufundisha.  Katika miaka yake ya mwisho alishughulika na kituo cha Yalemba, upande huu wetu, pamoja na Disasi na wenzake.

Mwezi wa Juni 1906 homa ilimkamata pale Yalemba, ile homa ya mkojo mweusi. Vijana wake wa Kongo waliona hali yake, wakampakia masuani, wakatelemka naye mpaka Basoko kutafuta daktari. Mmoja wao, Baluti, aliandika habari ya siku zile za mwisho. Wao walimwita Tata. Akafa mikononi mwao, wakamzika.

Tunaona ni vema kusimama kidogo hapa. Mwaka 1883 kazi ya masua ilikaribia kufa, juu fundi wa Ulaya amekufa. Mwaka 1906 Tata mwenyewe alikuwa amelala mgonjwa, na masua ilifika Basoko. Mikono ya kuiendesha ilikuwako. Kwa mawazo yetu hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko ramani ya mto aliyoichora.

Na sisi?

Hata leo kwenye mto wetu balenieri inaharibika motere katikati ya maji, na yule kijana wa nyuma anaifungua na bisibisi moja na kipande cha waya. Kule Kisangani fundi wa toleka anakaa chini ya mti na vipande vya mpira wa zamani, anamrudisha mtu barabarani. Tusiwazarau hao. Wengine kati yetu tunafikiri kwamba mwenye kusoma sekondari hachafui mikono yake kwa mafuta. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli alijazwa Roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, ya shaba na ya miti. Basi ufundi si kazi ya wale walioshindwa darasani.

Tunaomba kila mmoja, mwanafunzi na mwalimu, aangalie mezani pake, mlangoni pake, kwenye pompe ya maji na kwenye mashini inayochapa gazeti hili: kitu gani kimelegea, na nani atakikaza? Kisha aangalie pia katika maisha yetu ya pamoja: nani analia na hatujasikia? Asingoje fundi atoke mbali.

Mungu awabariki wote.